Kufuli Yangu ya Kituo cha Tatu

Siku muliponiaga mulinipa saa ya ukutani, fanta na keki. Béa akasimama akasema mbele ya wote: "Tata Mukalay, utuandikie kidogo mambo ya kazi, bale banakuya nyuma basome." Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Nilidhani nitaandika polepole, leo mustari, kesho mustari, kama mustaafu wa kweli. Haikuwa hivyo. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, na miguuni nimevaa buti za kazi. Mama wa nyumba amepita mara nyingi akiziangalia zile buti. Hajauliza kitu. Ananijua.

Umri wangu si wa kustaafu. Ni mkono wa kuume ulistaafu, mimi nimeufuata tu. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi, kwa hiyo mukikuta kosa pitieni juu yake, kama munavyopita juu ya mabomba kule chini. Majina nitayataja. Kalasa ni Kalasa na Kazadi ni Kazadi. Nimechoka kusema "kuna chef mumoja".

Nilianza kazi chini kabisa, kulinda pompe. Shimo letu la shaba limeshuka kuliko mito yote ya jirani, na maji yanaingia kutoka kila upande, mvua iwepo isiwepo. Vituo vitatu vya pompe vinayanyonya na kuyatupa nje. Vikisimama vyote, watu wa chini wanaanza kupanda bila kuambiwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya pompe, kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, na kusikiliza kama roulement, ile beringi ya mhimili, imeanza kulia. Mpaka leo ugonjwa huo haujapona. Hapa mtaani kwetu Kasulo jirani yangu anachimba chini ya nyumba yake, ana kapompe kadogo ka petroli, na mi nakaa kwenye chakula nasikia kwamba roulement yake inakufa. Nilimwambia. Akanijibu: "Tata, inatoa maji ao haitoe?" Inatoa. Kwa sasa.

Aliyenifundisha alikuwa Tata Nawej, mutu wa Musumba, mwenye maneno machache na kikohozi kingi. Siku ya kwanza hakunionyesha pompe. Alinipa kufuli nyekundu, jina langu limechongwa juu yake kwa msumari, na ufunguo mmoja tu. Sheria ilikuwa hii: kabla hujaingiza mkono ndani ya pompe, unakata umeme kwenye swichi kubwa, unatia kufuli yako kwenye mpini wa swichi, unavaa ufunguo shingoni. Mukiwa watu watano, kufuli tano zinaning'inia. Hakuna anayeweza kuwasha mpaka kila mmoja atoe yake kwa mkono wake.

"Hii haina rafiki," Nawej aliniambia. "Chef akikuomba ufunguo, unakatala. Bibi yako akikuomba, unakatala. Mi nikikuomba, unakatala na unaniuliza kama niko muzima mu kichwa."

Nilidhani anatania. Kisha alienda likizo Musumba na kusahau kufuli yake kwenye Kituo cha Kwanza. Pompe ilikuwa imetengenezwa, safi, inangoja kuwashwa, na kufuli ya Nawej ilikuwa imekaa pale juu ya mpini kama mukubwa wa familia. Wangeikata kwa msumeno? Sheria ilisema hapana, mpaka mwenyewe apatikane. Kampuni ikatuma gari. Ile barabara ya Kapanga inayokwenda Musumba munaijua, ao mumesikia watu wakiilaani. Dereva alifika kule amefanana na matope, akasema: "Tata, nipe ufunguo nirudi." Nawej akamjibu: "Ufunguo unaenda na mimi." Akamaliza kula, akaaga watu wake, akapanda gari, akarudi njia yote ile, akafungua kufuli, akafuta jasho usoni, na akaomba gari imurudishe ku likizo. Walimurudisha. Tulicheka juma nzima, lakini hakuna aliyesema Nawej amekosea. Hata chef wa wakati ule alisema: "Heri mafuta ya gari kuliko mkono wa mutu."

Kisha zikaja kompyuta. Ili pompe ziwashwe na kuzimwa kutoka ofisi ya juu, kila kituo kilipewa kisanduku cha chuma, ukubwa wa Biblia ya familia, chenye kompyuta ndani. Mutu wa juu anaingia mu kile kisanduku kwa njia ya waya, anatoa amri, pompe inaamka. Swichi kubwa nazo wakazihamisha, wakaziweka mu chumba kimoja kwenye ukingo wa shimo. Ukitaka kutia kufuli yako sasa, ni kupanda mlima mzima, kisha kushuka tena. Kumbukeni jambo hilo.

Visanduku vile vilikuwa vinakufa kama kuku. Vumbi, joto, na umeme wa bwawa la Nzilo ukiruka, basi, kimoja kimelala. Kila kikifa ni kuweka kingine na kukipandishia mfumo upya. Aliyekuwa na kazi hiyo ni Mama Ngalula, mhandisi, mutoto wa Kolwezi wa familia ya Kasai. Babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba. Alikuwa mwimbaji wa kanisani, na kompyuta ikimkatalia aliitukana kwa Kiluba taratibu, na sauti ile ile ya kanisani. Siku moja alishuka Kituo cha Pili, akanikuta na bisibisi sikioni.

"Natafuta mutu asiyeogopa pompe," akasema. "Mambo ya kompyuta nitamufundisha."

"Mama, mi sikusoma."

"Njo vizuri zaidi. Hautanibishia."

Ndivyo nilivyopanda. Msiniulize cheo.

Kazi aliyonifundisha ni hii. Kompyuta ukiipandishia mfumo inauliza maswali mengi kuliko afisa wa uhamiaji: lugha gani, saa ngapi, diski igawanywe vipi, mwenye kuitumia ni nani. Zamani mutu alikaa kwenye joto la kituo akijibu swali moja moja. Mama Ngalula aliandika majibu yote mapema mu faili moja, akaiweka ndani ya flash pamoja na mfumo wenyewe. Mi nilikuwa nashuka, nachomeka flash, nawasha, nakaa juu ya ndoo. Kisanduku kilijisomea na kujijibu chenyewe. Mara ya kwanza nilikaa nimekikazia macho kama ni maiti inayofufuka. Baadaye nilikuwa napeleka maandazi.

Sehemu aliyoijali kuliko zote ilikuwa ya mwisho wa ile faili: funguo za kuingilia. Alinielezea kwa kufuli yangu mwenyewe. Kila mfanyakazi anatengeneza mu kompyuta yake ufunguo wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya wazi, mustari mrefu wa herufi bila maana, mwishoni jina lako. Hiyo unaweza kuitawanya kwenye visanduku vyote, haina hatari, ni kama kufuli iliyoning'inia. Sehemu ya pili ni ya siri. Haitoki kwenye kompyuta yako na haipewi mutu. Hiyo ndiyo ya shingoni. Faili ya majibu ilikuwa inachukua mistari ya wazi ya watu wetu wote, inamtengenezea kila mutu chumba chake ndani ya kisanduku, inaweka mustari wake pale, na kisha inafunga njia ya neno la siri, ili asiye na ufunguo asijaribu hata kubahatisha. Yote hayo kabla kisanduku hakijaamka mara ya kwanza.

"Kinazaliwa kinatuyua tayari," alisema. "Mumoja mumoja, kwa jina."

Mwanzoni mambo hayo yalitusumbua. Mara ya kwanza kisanduku kilinikatalia mimi peke yangu, kikakubali wengine. Mustari wangu ulikuwa umetumwa kwa simu, na simu ikaukata katikati, ikawa mistari miwili. Ukiangalia kwa macho ni ule ule. Kwa kompyuta ni nusu mutu. Mara nyingine kilitukatalia wote. Njia ya neno la siri imefungwa, funguo hazikubaliwi, ni kubeba ekrani na kibodi begani na kushuka kule chini kukiongelesha uso kwa uso. Tulikuta mistari yote iko, mizima, na majina yake. Mama Ngalula akakaa juu ya ndoo yangu akatukana kwa Kiluba mpaka akaona: vile vyumba faili ilikuwa imevitengeneza kwa jina la mukubwa wa mfumo, na milango imeachwa wazi kwa kila mutu kuandika.

"Kiko na haki," akasema. "Weye unaweza kuamini kufuli yenye kila mutu anaweza kubadilisha? Chumba kikuwe cha mwenyewe, mlango ufungwe kwa wengine, njo kitaamini."

Akaongeza mistari miwili mu faili. Haikutusumbua tena. Ninyi munaochomeka flash leo na kwenda kunywa chai, ile mistari miwili iko pale bado. Muisalimie.

Kwa sababu swichi zilikuwa zimepelekwa mbali, alitengeneza pia kufuli ya ekrani. Ukitaka kugusa pompe, unaingia mu kisanduku kwa ufunguo wako, unaweka alama ya kufunga, na pompe haiwezi kuwashwa na mutu yeyote mpaka alama itolewe. Na alama inatolewa na yule tu aliyeiweka. Hiyo ilikuwa sheria ya Nawej imeingia mu kompyuta. Mi nilikuwa bado napanda mlima kutia kufuli yangu ya chuma. Mama Ngalula alikuwa ananicheka: "Tata Mukalay, weye utaolewa na ile kufuli." Lakini hakuniambia niache.

Kalasa ndiye aliyeharibu. Alikuja kuwa chef wa service yetu, mutu wa viatu safi. Haraka alikuwa nayo, akili pia alikuwa nayo, sitadanganya. Kilichomuudhi ni kwamba kila mfanyakazi mpya akija ni kuomba mustari wake, kuutia mu faili, kupita kwenye visanduku vyote. Akatengeneza ufunguo mmoja, akauita "entretien", maana yake matengenezo, na ile sehemu ya siri, ile ya shingoni, akaigawa kwa watu wote kama maandazi. Akaandika faili yake ya majibu: chumba kimoja, mustari mmoja. Akaiweka mu flash yenye kamba ya bluu.

Mama Ngalula alipanda mu ofisi yake. Nilikuwa mlangoni nimebeba kisanduku kilichokufa.

"Chef, alama ya kufunga inatolewa na mwenye kuiweka. Sasa tukiwa wote mutu mumoja, kila mutu ataitoa."

"Mama Ngalula, sisi ni équipe moja, kundi moja. Équipe moja, ufunguo moja. Ao hamuaminiane?"

"Chef, haiko mambo ya kuaminiana."

"Basi iko mambo ya nini? Kila siku weye ni funguo tu, funguo. Unalinda banque?"

Watu wa ofisi wakacheka. Fikirieni: watu wale wale, ambao kwa miaka walikataa kukopesha kufuli ya chuma hata kwa ndugu wa tumbo moja, walichukua ule ufunguo wa Kalasa na kusema aksanti. Kwa sababu haukuwa na uzito. Haukuning'inia mahali. Kalasa akapita na kamba yake ya bluu kwenye vituo vyote vitatu.

Wakati huo huo alikataza kupanda kwenye swichi. Nilikuwa nachelewesha kazi, alisema, kufuli ya ekrani inatosha. Aliniandikia barua ya onyo. Niliitia saini.

Ilikuwa mchana, Kituo cha Tatu, jua kali. Mama Ngalula alikuwa anafunga kidude cha kupima mtetemo kwenye mhimili wa pompe, na kifuniko cha mhimili tumekitoa, kimelala chini. Alama ya kufunga niliiweka mimi mwenyewe, akaiona, akasema "vizuri". Nilikuwa nimemushikia waya. Alikuwa ananisimulia juu ya soprano mmoja wa kanisani anayeanza wimbo kabla ya wengine. Nikasikia ndani ya kabati la umeme: tak. Sauti ndogo tu. Mutu wa pompe anaijua: umeme umeingia. Nilivuta mkono, na vidole viwili havikuja. Yeye alikuwa ameinama, kitambaa chake cha kichwa kiko karibu na mhimili.

Sitaandika zaidi ya hapo. Hakufika hospitali.

Kule juu Kazadi, mutu wa zamu, alikuwa ameona maji yanapanda kwenye Kituo cha Tatu. Akaingia mu kisanduku, akaona alama imewekwa na "entretien". Yeye pia alikuwa "entretien". Akaitoa, akawasha. Kisanduku kilimkubalia kwa sababu kilimuona ni mimi.

Nilijuaje? Aliniambia mwenyewe kwenye matanga. Alikuja akakaa kando yangu juu ya kiti cha plastiki, mkono wangu umefungwa bandeji kubwa kama mukate.

"Tata Mukalay, mi niliona maji inapanda. Nikawaza ile alama ni ya juzi, balisahau kuitoa."

"Ungepiga simu."

"Chef alisema tusipoteze wakati na ba simu."

"Uende useme hivi kule juu."

"Chef anayua. Nilimuambia siku ile ile." Akaangalia chini. "Niko na batoto, tata."

"Na Mama Ngalula alikuwa na nini? Mbuzi?"

Akasimama, akasema anaenda kuleta maji ya kunywa. Hakurudi. Na mbele ya tume ya uchunguzi Kazadi alisema hakugusa kitu. Kalasa ndiye aliyeongea, na viatu vyake, na karatasi ya kompyuta mkononi. "Imeandikwa hapa: 'entretien' amefunga, 'entretien' amefungua. Nani alikuwa entretien pale kituoni? Aliyefunga njo aliyefungua. Mashini haidanganye." Kisha akaangalia bandeji yangu kwa huruma, na watu wote wakaiangalia.

Tangu siku ile nikawa "yule aliyefungua". Hawakunifukuza, kumfukuza mutu aliyekatwa vidole kunaleta maneno. Waliniacha nizunguke na visanduku. Kwenye kantini watu walikumbuka ghafla kwamba wameacha kitu kwenye meza nyingine. Mama mukubwa wa Ngalula alinipita sokoni bila kunisalimia, na yeye sina hasira naye, aliambiwa hivyo na wakubwa. Kalasa alipandishwa, akahamia Lubumbashi. Kazadi aliacha kazi, ana duka la vipuri karibu na soko. Nikipita pale anaingia ndani. Mi napita pale mara nyingi. Njia fupi iko nyingine.

Miaka ikapita hivyo mpaka Béa akaja. Mhandisi, mama wa batoto babili, mdomo mkali. Alikuta faili ya zamani ya Mama Ngalula ndani ya kompyuta ya ofisi, akaisoma, akaniita.

"Tata, nani aliandika hii?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, na yeye ndiye mutu wa kwanza kazini aliyesikiliza mpaka mwisho bila kutazama vidole. Kisha akasema: "Na hii ya kamba ya bluu, nani aliandika?" Nikamwambia na hiyo. Hakulia, hakunipa pole. Akatoa flash mpya kwenye mkoba, na tukaanza Kituo cha Kwanza. Kila mutu na mustari wake, kila mutu na chumba chake. Chef wa wakati ule, mutu mpole aliyengoja tu kustaafu, alitia saini bila kusoma. Kufuli za chuma hazikurudi. Walisema swichi ziko mbali. Ninyi wapya hamukupewa hata moja. Lakini sheria yake haikufutwa kwenye kitabu cha usalama. Béa aliitafuta na kunionyesha. Nayo mukumbuke.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki, nilimwomba afute mustari wangu mbele yangu, kwenye visanduku vyote na kwenye faili ya majibu. Akafuta. Nikajaribu kuingia kwa ufunguo wangu. Ekrani ikaandika kwamba ruhusa imekataliwa. Nilisikia kama mutu aliyebadilishiwa kufuli ya nyumba na bibi yake. Nikasema vizuri. Nikajaribu tena.

Tukapatana jambo moja. Ule ufunguo wa Kalasa kila mutu wa wakati ule alibaki nao, hatujui wangapi, hatujui wapi. Haukusanyiki tena. Kitu pekee cha kufanya ni kuhakikisha haufungui kitu. Kwa hiyo kila Jumatatu, Béa akifika ofisini, anaujaribu kwenye vituo vitatu, kisha ananipigia simu. Mi nauliza: "Imekatala?" Yeye anasema: "Imekatala, tata." Tunaongea habari za batoto, tunakata. Mama wa nyumba anasema nina bibi wa pili ambaye anajua neno moja tu.

Jumatatu hii simu ilichelewa.

"Imekatala?"

"Tata, station ya tatu imefungua."

Kisanduku cha pale kilikuwa kimekufa Béa akiwa Likasi kwenye ndoa ya dada yake. Chef mpya, Serge, aliyeletwa kutoka Lubumbashi, mutu wa kushukuru sana kwa kila kitu, alifungua mutoto wa meza, akakuta flash yenye kamba ya bluu, akasema hewala. Akashuka akachomeka. Kalasa mwenyewe hakuhitaji kuja. Chumba kimoja, mustari mmoja, na kile kisanduku kikazaliwa tena kipofu.

Béa akaenda kwa Serge. Équipe ilikuwa imepangiwa kazi ya leo asubuhi Kituo cha Tatu, kutoa kifuniko, kubadilisha roulement, na Béa ndiye mwenye kuingiza mkono. Akamwomba Serge wapandishe mfumo upya kwanza.

"Mama Béa, iko inatembea, ao haitembee?"

"Inatembea, chef."

"Basi tuguse pompe kwanza. Mambo ya funguo tutaona juma inakuya. Muweke alama mu ekrani, inatosha."

Inatosha. Alisema neno lile lile. Béa akanipigia tena jana. Akasema atatafuta kufuli aende kuitia kwenye swichi mwenyewe. Nikamwambia: "Yako, chef atakuamuru uitoe, na utaitoa, sababu uko na batoto. Mi nani ataniamuru?"

Leo alfajiri akipita kwenda kazini alisimama hapa Kasulo. Nikampa kufuli yangu nyekundu. Ufunguo sikumpa. Akaipanda ile njia mpaka chumba cha swichi, akakata umeme wa Kituo cha Tatu, akaitia kwenye mpini. Majira ni ya kiangazi, vituo viwili vinatosha kulinda shimo siku chache. Tulipima hilo kabla, hatukufanya wazimu. Kisha akashuka na wenzake, wakatoa kifuniko, wakaingiza mikono. Wamemaliza. Wako wazima, vidole vyote. Alinitumia picha ya roulement ya zamani, nyeusi kama chungu.

Sasa wanataka kuwasha, na jina langu limening'inia pale.

Serge alipiga simu saa ile ile. "Tata Mukalay, haiko vizuri hivi. Uko mustaafu. Ufunguo uko wapi?"

"Shingoni, chef."

"Natuma dereva aukamate."

"Ufunguo unaenda na mimi."

"Nitakata ile kufuli."

"Kitabu cha usalama kinasema mpaka mwenyewe apatikane. Na mi napatikana. Niko nyumbani." Nikamwambia na linalobaki: Béa apandishe upya kisanduku cha Kituo cha Tatu kwa faili ya Mama Ngalula, kila mutu na mustari wake, kisha ajaribu ule ufunguo wa Kalasa. Ukikataliwa, nitapanda gari. Na yeye Serge mwenyewe aje na ile flash ya kamba ya bluu mkononi mwake, anipe. Nyuma yake nilisikia Béa anaongea na mutu, halafu kelele ya kiti: Serge amesimama.

Ndiyo sababu naandika nimesimama. Nilitaka mulijue jambo hili kutoka kwangu, na majina yake, kabla halijaelezwa na mutu wa viatu safi: Ngalula hakuuawa na mashini. Kalasa aligawa ufunguo, Kazadi aliutumia akanyamaza, na mi sikufungua.

Gari imesimama nje. Mama wa nyumba amempa Serge kiti na maji, na Serge ameweka flash juu ya goti lake, kamba yake imefifia kuliko nilivyokumbuka. Amesema: "Tata, twende?" Nimemwambia bado.

Simu imelia. Nimeuliza neno langu.

"Imekatala, tata," Béa amesema. "Station zote tatu."

Twende, chef.